Upinde Mgongoni mwa Dinah

Wivu wa Mwende haukuwa wa mume. Wa mume ungekuwa na nafuu, angalau watu wangemwonea huruma. Mwende, Mkamba wa Kitui aliyekaa Edmonton ya Uingereza miaka kumi na minne akiwaosha na kuwalisha wazee wa Kiingereza, alimwonea wivu rafiki yake Dinah kwa namna alivyobeba upinde. Ndiyo, kubeba tu! Kwa kulenga hawakupishana sana.

Klabu yao ilikuwa kwenye msitu mmoja nje ya Cheshunt, safari fupi ya treni. Jumapili moja moja wanachama walitembea humo na pinde zao, wakitafuta wanyama wa sponji waliofichwa vichakani, maana Uingereza kumpiga mnyama wa kweli kwa mshale ni kosa. Mwende ndiye aliyejiunga kwanza. Siku aliyowaambia kwamba babu yake alikuwa mwindaji, walimzunguka kwa maswali mpaka chai ikapoa. Akafurahi, na kwa nini asifurahi? Kazini alikuwa mtu wa kubadilisha mashuka. Huku alikuwa mjukuu wa mwindaji.

Kisha, kwa kiherehere chake mwenyewe, akamleta Dinah, Mluhya wa Kakamega aliyefanya naye kazi ghorofa moja kwenye makao ya wazee. Aje apunge hewa, alisema. Hata upinde wa kwanza alimwazima yeye.

Sasa, mwenyekiti wa klabu, Tony, alikuwa na kaka huko Colorado, Marekani. Kila Septemba kaka huyo alimkaribisha mwanachama mmoja, mshindi wa jaribio la kilomita tatu msituni, kwenda kuwinda elki milimani, kwa miguu. Elki ni kama kulungu, ila ni mkubwa kama fahali, na pembe zake ni matawi matupu. Mwende aliingojea nafasi hiyo miaka mitatu. Alishanunua buti. Kanisani alishatangaza. Mama yake Kitui alishaambia soko zima.

Basi Jumapili moja wakiwa njiani msituni, Tony akawasimamisha wote. "Mtazameni Dinah," akasema. "Elki hatakusubiri ujiandae. Upinde uwe mkononi, chini, karibu na paja, vidole vimelegea, usiguse hata jani. Hivyo hivyo alivyoubeba."

Wote wakageuka. Dinah alikuwa ameushika upinde kama mama aliyeshika kikapu akitoka sokoni, hana habari. Mwende akautazama mkono wake mwenyewe. Alikuwa ameukaba upinde kama mpini wa jembe, na ncha yake ilikuwa imejaa majani.

Aka! Mjukuu wa mwindaji afundishwe kubeba upinde na mtu aliyeugusa juzi? Jina la babu lilikuwa la nani, lake au la Dinah? Kuanzia siku hiyo kila kitu cha Dinah kilimkera: kicheko chake, chapati zake, hata wazee kazini waliomwita yeye kwanza. Usiku alilala akiuona ule mkono uliolegea.

Wiki ya jaribio, wakiwa kwenye jiko la wafanyakazi, Dinah alimjia akijikanda bega. "Dada, tangu nimwinue yule mzee wa chumba namba nane, mkono huu unaniuma. Kilomita tatu zile, upinde nitaubebaje?"

Mwende alilijua jibu. Uutundike begani kwa mkanda, ukikaribia mnyama uushushe mkononi. Mama yake alikuwa akimsimulia hivyo tangu utotoni: babu akitoka nyumbani upinde ulikuwa begani, akiingia porini ulikuwa mkononi. Lakini mdomo wake ukasema mengine.

"Ufunge kwenye begi la mgongoni, uukaze barabara. Usiufungue mpaka umwone mnyama. Ndivyo alivyobeba babu."

"Kweli?"

"Kwani mimi nikudanganye?"

"Asante, dada yangu. Bila wewe ningekuwa wapi?" Dinah akamkatia nusu ya chapati. Mwende akaila, akaisukuma kwa chai.

Siku ya jaribio kila mtu alipita peke yake, Tony akimfuata nyuma. Mwende alipita kwanza, polepole, upinde mkononi. Filimbi ya kuanza kuhesabu sekunde za kulenga ilipolia, alimwona elki wa sponji juu ya kilima, akampiga mbavuni. Waliokuwa wakingoja mwishoni wakampigia makofi. Akakaa kwenye gogo kumngojea Dinah.

Alimsikia kabla hajamwona. Ncha ya upinde ilikuwa ikigonga matawi juu ya kichwa chake, ko, ko, ko. Ikanasa kwenye miiba, Dinah akavutwa nyuma, akaanguka chali. Filimbi ikalia. Akawa bado anapapasa mikanda nyuma ya mgongo, shavu linatoka damu, muda ukaisha.

Tony alimwinua. "Wewe ndiye niliyewaonyesha watu! Nani kakwambia uubebe hivyo?"

Mwende akainamia buti zake. Dinah alimtazama Mwende, kitambo tu, kisha akajifuta shavu.

"Hakuna," akasema. "Nilijiamulia mwenyewe."

Nafasi ikaandikwa jina la Mwende. Akapewa mkono na kila mtu, akapigwa picha. Kwenye treni ya kurudi Edmonton walikaa bega kwa bega, pinde zao miguuni.

Walipokaribia kushuka, Dinah akamshika goti.

"Ukifika kule kwa elki, usije ukaufunga mgongoni," akasema. "Uubebe kama babu yako."

Mlango ukafunguka, akashuka mbele. Mwende alimfuata na nafasi yake ya Colorado, akiutazama ule mkono ulioshika upinde kwa kulegea, na wivu ulikuwa palepale.