Staa wa Kizungu alipochukua bass yangu kanisani Hayes

Wakuu, habari za weekend.

Hii siyo chai, ni kisa cha kweli. Anayetaka chai aende jukwaa la mapenzi, ipo ya kutosha.

Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi warehouse moja karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Kazini wananiita kwa namba iliyo kwenye kizibao. Jumapili ndiyo nakuwa mtu: napiga gita la bass kwenye fellowship yetu ya Kiswahili hapa Hayes, ukumbi wa kukodi. Msicheke. Huku ughaibuni cheo cha namna hiyo ndicho kinachomtoa mtu kitandani.

Basi akaja Clive.

Clive ni Mwingereza, mume wa sister Njeri, nesi wa Kenya anayesali nasi. Enzi zake alikuwa mwimbaji na mpiga bass wa bendi ya pop rock. Nilim-google siku ile ile, kwa nia mbaya kabisa. Nikakuta video: nywele hadi mabegani, suruali ya kubana mpaka unamwonea huruma, mabinti wanazimia. Nilipomtajia supervisor wangu wimbo wao mmoja, mtu asiyecheka hata na mkewe, aliuimba wote.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mrama. Album ya tatu ikabuma, kampuni ya muziki ikaacha kupokea simu zake, bendi ikafa, baadaye wenzake wakaifufua na mpiga bass mwingine. Akaishia kupiga kwenye mapub, mbele ya watu waliokuja kula.

Mchungaji wetu, mtu wa Nakuru, haya ya mwisho hakuyasoma. Aliona mzungu maarufu, akaona maono. Wiki ile ile likatoka bango kwenye group la WhatsApp, International Worship Sunday, na picha ya Clive ya enzi za nywele. Mimi nikaitwa pembeni.

"Ndugu yangu, kwa sasa pumzika kidogo. Huduma ni ya Mungu, si ya mtu."

Wa kwenye bango alikuwa mtu. Wakuu, iliniuma. Wiki nzima nilimwomba Mungu yule mzungu akosee, na sikuwa naomba kwa unyenyekevu.

Jumapili ikafika, ukumbi umejaa, mimi nipo viti vya nyuma. Walikuja hadi watu wa Croydon, ambao siku zote wanalalamika Hayes ni mbali. Kiongozi wa kwaya, Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu anayefanya kazi ya care, kutunza wazee, akaanzisha pambio. Clive akaingia. Niseme ukweli, mzee anapiga. Kila noti mahali pake, mpaka nikachukia.

Shida ni kwamba Clive maisha yake yote amepiga nyimbo za redio. Dakika chache, unamaliza, watu wanashangilia, unaondoka. Alipofika pale anapojua yeye ndipo mwisho, akainua shingo ya gita juu, akaruka miguu pamoja kama kwenye video, akatua kwa goti lake bovu, akainamisha kichwa kusubiri makofi.

Pambio likaendelea.

Kwa wasiojua mambo ya kilokole: mwisho wa pambio haujaandikwa popote. Linaisha likichoka lenyewe.

"Papa, tungali tunaimba," Mama Furaha akamwambia, maana kwao kila baba ni Papa, kisha akafumba macho tena.

Clive akaingia tena. Baada ya muda akamaliza tena, safari hii bila kuruka. Pambio likaendelea. Mara ya tatu alisimama tu, gita linaning'inia, anageuka huku na huku kama mtu aliyeshuka kituo ambacho siyo. Watu wakaanza kucheka.

Maombi yangu yalikuwa yamejibiwa, na sikufurahi hata kidogo. Ule uso naujua. Ndio ninaokwenda nao kazini kila Jumatatu.

Nikaenda mbele. Akanivalisha mkanda wa gita mwenyewe, nami nikadaka pambio pale pale lilipofika. Nikampa ishara abaki. Akasimama kando yangu akitazama vidole vyangu, pambio likaenda mpaka watoto wadogo wakalala.

Baada ya ibada, tukinywa chai, akaniuliza nani huwa anatoa ishara ya kumaliza. Nikamwambia hakuna.

"Hata kwenye bendi hakuna aliyeniambia imeisha," akasema. "Nilikwenda mazoezini, nikakuta wamebadilisha kufuli."

Njeri akamshika mkono. Mimi nikajifanya natafuta sukari.

Mchungaji alishafuta bango na kunirudishia nafasi yangu. Anasema Mungu amesema naye. Mungu hubadilisha mawazo haraka sana huku Hayes.

Siku hizi kila Jumamosi Clive anakuja chumbani kwangu na gita lake, anakaa kitandani maana kiti ni kimoja, tunafanya mazoezi ya kutomaliza. Juzijuzi mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta. Mimi nikaacha. Mzee hakuacha, alikuwa amefumba macho.

Nilichojifunza wakuu: ukiona mtu amekuja kukalia nafasi yako, angalia kwanza kama ana pengine pa kukaa.

Sasa nyie mnaopiga vyombo makanisani, nijibuni bila matusi. Pambio linaishaje hasa? Jana kaniuliza tena, na kusema kweli naogopa siku nitakayopata jibu, maana Jumamosi zetu nazo zitaisha.