Asilimia Sifuri Mbele ya Kanisa

Nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Programu ya salamu za kanisa letu la wakimbizi hapa Rubondo niliiandika mimi. Ndugu zetu walioko kambi nyingine, Oruchinga, huturekodia salamu kwa simu, na Jumapili baada ya ibada kompyuta yangu huzipokea, huku ukutani kila jina la mpokeaji likionyesha asilimia ya salamu zake zilizofika.

Asilimia hiyo hutokana na kugawanya zilizofika kwa zilizotumwa. Kwa mtu asiyetumiwa kitu, kugawanya kwa sifuri kungeangusha programu nzima. Kwa hiyo niliiamuru iandike asilimia sifuri, basi. Nani kwetu angekosa hata salamu moja?

Jumapili iliyopita nilikuja ibadani kutoka mjini Mbarara, ninakoishi peke yangu tangu nipate kazi. Majina yote yalifika mia. Langu lilibaki sifuri.

"Mtandao ni muzito leo," nikasema.

Pasta akawasimamisha watu wote. "Tuombee hii mashini! Salamu za ndugu yetu zimefungwa fasi fulani huko njiani!"

Wakaomba mikono juu, wengine kwa machozi. Mimi nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mama Neema, muuza maharagwe, hakufumba macho. Alikuwa ameinamia kompyuta yangu.

"Mwana wangu, hapa uliandika 'zilizotumwa'. Ni ngapi?"

Nilisoma kimoyomoyo. Yeye akasoma kwa sauti, kanisa zima likisikia:

"Sifuri. Basi mashini haikukwama, mwana wangu. Ilishamaliza zamani."