Makarai Yasiyopigwa Tupa

Mpaka leo nikimwona mtu anapitisha kidole gumba kwenye bati lililokatwa sasa hivi, ati anapima ukali wake, natamani kumzaba kofi. Simjui, hajanikosea, lakini damu inanichemka. Kidole si kipimo. Kipimo ni kitambaa kikuukuu: unakiburuta taratibu ukingoni, na kikikwama hata uzi mmoja, kazi haijaisha. Nilifundishwa hivyo chuo cha ufundi na mwalimu mkorofi aliyetutukana tangu asubuhi hadi saa ya chakula. Matusi yake nimeyasahau, hilo la kitambaa sijalisahau, kwa sababu lilihusu vidole vya watu, na baadaye likahusu vidole viwili vya mama yangu.

Nilirudi nyumbani Nyakunguru na cheti changu wakati dhahabu imewatia watu wazimu. Kila siku walishuka watu wapya na mabegi mgongoni, wa Kemambo, wa Serengeti, hata ndugu zetu wa ng'ambo kule Kenya, na kila mmoja alitaka karai la kuoshea mchanga wa mawe yaliyosagwa. Kaka yangu, ambaye baada ya baba kufariki ndiye alikuwa msemaji wa nyumba, aliuza ng'ombe akanunua grinda na jenereta, akafungua karakana kando ya barabara ya machimboni. Alinunua mapipa ya chuma, akayakata: kitako kikawa karai, na kifuniko kikawa karai la pili. Kisha alitoboa matundu mawili marefu ubavuni, huku na huku, ya kupitishia vidole vya kubebea. Yeye alikata, mimi nikapiga tupa.

Watu hudhani kupiga tupa ni kukwaruza tu. Wajaribu. Chuma kilichotoka kwenye grinda kina meno madogo yasiyoonekana, yamelala upande mmoja kama mabua ya mtama yaliyopigwa na upepo, na ukiyafuata vibaya yanakufungua ngozi kabla hujasikia maumivu. Nilibana karai kwenye jiliwa, na vipande viwili vya mbao ili lisiteleze. Tupa yangu ilikuwa na mpini wa mti, maana tupa isiyo na mpini ina mkia mkali, na ikikwama tu, mkia huo unaingia kiganjani. Nilisukuma kwenda mbele, mbali na tumbo langu, nikainua wakati wa kurudi. Unga wa chuma niliufagia kwa brashi, sikuupuliza kwa mdomo, nisije nikajipulizia machoni. Ndani ya matundu nilitumia tupa ya mviringo, upande wa nje kwanza, kisha upande wa ndani, ule ambao mvivu huuacha kwa kuwa hauonekani. Na upande huo ndio vidole hulalia.

Kaka yangu alinicheka kila siku. Grinda yake aliing'oa kifuniko cha kuzuia cheche kwa sababu kilimbana, na alikata mapipa miguuni ana katambuga za tairi, machoni hana kitu. Nilimpa miwani yangu ya pili. Akaitundika kwenye msumari.

"Mimi nilitahiriwa mbele ya ukoo mzima, sikupepesa jicho," alisema. "Leo nivae miwani kwa ajili ya cheche?"

Vijana waliokuwa wakisubiri makarai wakaangua kicheko. "Mura huyo!" wakasema, yaani dume halisi. Mimi nikarudi kwenye tupa yangu, kwa sababu kwetu mwanamke hana la kujibu likishatajwa jando. Lakini nilikasirika. Kisu cha jando kinakuja mara moja na watu wamekizunguka wakiimba. Grinda inakuja kila siku, na haina habari na ukoo wako.

Upumbavu huo ningeuvumilia, maana macho yalikuwa yake. Ulionishinda ni wa wateja. Walipita wachuuzi fulani na makarai machakavu, wameyasugua kwa msasa wakayapaka rangi nyeusi, wakayauza kama mapya. Baada ya wiki chache yakatoboka. Basi wachimbaji wakajitungia sheria yao: karai lililosuguliwa ni la zamani, jipya ni lile linalokata. Walifika karakana, wakapitisha kidole gumba ukingoni jinsi wazee wao walivyojaribu panga, na damu isipotoka wanaondoka. Nilimwona kwa macho yangu mtu mzima mwenye ndevu akinyonya damu kidoleni huku anatabasamu. Alikuwa ameridhika na bidhaa.

Mmoja aliyetoka upande wa Sirari alinishika mkono nikiwa kazini.

"Sista, wacha hivyo hivyo," alisema. "Ukishasugua, mimi nitajuaje kama ni mpya?"

Nikamwambia aangalie unene wa chuma, agonge asikilize mlio, atazame kutu kwenye mikunjo. Akanitazama kama ninayemsomea mahubiri. Akaenda kumlalamikia kaka, na kaka akaja.

"Weka tupa chini. Unanifukuzia wateja."

"Watu wanatia vidole humu," nikasema. "Karai likijaa mchanga na maji, uzito wote unakaa kwenye huu ukingo."

"Wenyewe ndivyo wanavyotaka."

"Wenyewe hawajui."

"Na wewe ndiye unayejua, siyo? Cheti chako kinakata pipa?"

Nikasusa. Niliweka tupa mezani, nikaketi kwenye ndoo, na kwa siku mbili nikayatazama makarai yakitoka yana meno. Kaka alidhani nimetii. Sikuwa nimetii. Moyoni nilikuwa nasema: wakatwe, wakatwe ndipo watajua. Nilisema hivyo kwa kila karai lililopita, na nilijisikia vizuri.

Siku ya tatu kaka alikwenda Tarime kufuata mapipa. Nilibaki peke yangu na makarai sita, hakuna mteja, hakuna wa kunizuia, tupa mbele yangu. Kazi ya saa mbili tu. Sikuyagusa. Nilijiambia kwamba mwenye karakana ameshasema, nikafunga mlango mapema nikaenda kulala.

Kesho yake, kabla sijafika, mama alipita akachukua moja. Mama alikuwa ameanza kuosha mchanga kijitoni pamoja na wanawake wenzake, baada ya kukamua ng'ombe asubuhi. Kaka, aliyekuwa amerudi usiku, ndiye aliyempa. Hakulitazama, wala mama hakulitazama.

Waliniletea habari saa nne. Mama alikuwa anapanda kutoka majini na karai limejaa, mguu ukateleza kwenye tope, karai likalalia upande mmoja huku vidole vyake vimo tunduni. Nilimkuta kwenye zahanati, mkono wa kulia umeviringishwa kitenge cha jirani. Daktari alipokifungua niliona vidole viwili vya katikati vimefunguka kwenye shina, na havikujikunja alipomwambia avikunje. Alisema mishipa ya kukunjia imekatika, apelekwe hospitali ya wilaya haraka. Haraka yetu ilikuwa kesho yake jioni. Waliiunga, na haikushika.

Kaka alifika wodini usiku ule akiwa na vumbi la safari, mama bado amelala kwa dawa ya usingizi. "Mama alishika vibaya," alisema. Nikamtukana kwa Kikurya, maneno ambayo dada hamwambii kaka yake aliyeshika nyumba, mbele ya wagonjwa, mbele ya manesi. Nilimwita muuaji. Aliniacha nimalize.

"Na juzi?" akauliza. "Juzi nilikuwa Tarime. Nani alikuwa karakana?"

Nilimchukia kwa swali hilo kuliko kwa mambo mengine yote aliyowahi kunifanyia.

Kesho yake mchana walikuja wanawake wa kijitoni kumjulia hali. Wakamwamkia, wakakaa kitandani, mmoja wao akamgombeza kwa upole. Wao wote, kumbe, walikuwa na akili yao: kila aliyenunua karai jipya alikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, akaufunga matunduni kabla hajalitia mkono. Mama alijua, alishawaona wakifanya. Kwa nini hakufunga?

Mama akacheka kidogo, mkono wake ukiwa juu ya mto.

"Nyinyi fungeni, makarai yenu mnanunua kwa watu," alisema. "Mimi nifunge ya nini? Langu limepita mikononi mwa binti yangu."

Akanigeukia ili wanione. Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji wake, na wote walikuwa wananitazama, nikainama nikamnywesha.