Siku Akina Mama Walipokaa Kimya Barabarani

Enzi zetu, ukitaka kujua ni saa ngapi mtaani Majengo, ulisikiliza tu. Adhana ya alfajiri ilitangulia, kisha jogoo wa Mama Zuhura ambaye siku zote alichelewa, kisha shoka la Mzee Ramadhani likipasua mifupa juu ya gogo pale buchani. Tukilisikia shoka tulijua uji wa wimbi umeiva na mwalimu wa zamu yuko njiani kuja kutuchapa. Mji wa Meru ulikuwa na ukungu mzito kuliko wa siku hizi. Ulishuka kutoka msituni asubuhi ukakaa barabarani hadi saa nne, na ndani yake watu walikuwa sauti kabla hawajawa watu. Ungesikia kikohozi, halafu viatu, halafu ndipo uso ukajitokeza ukasema, "Hamjambo, watoto."

Sisi hatukuwa watu wa Meru hasa. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Runyenjes kule Embu, akahamishiwa Meru nikiwa bado nabebwa mgongoni. Tulipanga vyumba viwili kwenye ploti moja na Mzee Ramadhani, mwenye bucha. Babu yake Mzee Ramadhani alifika mjini akiwapikia askari wa Kizungu, akaoa hapo, akazikwa hapo. Baba yake alizaliwa hapo na akazikwa hapo. Yeye mwenyewe alizaliwa nyuma ya ile bucha. Ukimwuliza kabila lake alikuwa akicheka, anakutajia makabila mpaka unachoka kusikiliza, kisha anakukatia kipande cha ini uende zako.

Binti yake Zuhura alikuwa rika langu. Kimeru chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mimi nilichanganya na Kiembu cha nyumbani, naye alinisahihisha mbele ya watu bila huruma. Siku ya Idi nilikula pilau kwao mpaka nikalala pale pale mkekani. Siku ya Krismasi yeye alikula kwetu mukimo, ule mchanganyiko wa viazi na mahindi uliopondwa, akamwomba Cucu, mama yake baba, amfungie mwingine kwenye jani la mgomba. Tulicheza kati kwa mpira wa makaratasi ya nailoni, tukacheza bano, yaani gololi, tukaruka kamba ya katani iliyotuchuna vifundo vya miguu. Mama alizoea kusema, "Ukirudi na magoti mazima nitajua hukucheza." Mtoto wa leo ukimwambia akacheze nje anakuuliza kama huko nje kuna waifai.

Nadhani nilikuwa darasa la nne gari la spika lilipoanza kupita.

Mwanzoni tulilikimbilia, kwa maana gari la spika lilikuwa la sinema ya bure au la mhubiri. Hili lilikuwa la diwani wetu. Alitaka Majengo ibomolewe, pajengwe soko la kisasa la ghorofa. Hilo halikuwa baya lenyewe, hata baba alilisifu. Lakini kila siku maneno yalizidi kubadilika. Kwanza ilikuwa "wapangaji wapishe maendeleo." Halafu ikawa "wenye mji wapewe mji wao." Mwisho likaja neno moja ambalo gari lilirudia likipita polepole ndani ya ukungu, hatulioni, tunalisikia tu: "Watu wa kuja warudi walikotoka. Watu wa kuja warudi walikotoka."

Watoto hucheza chochote wanachosikia. Tukabuni mchezo. Mmoja alikuwa gari, ameshika mkebe mdomoni. Wengine tulikuwa wenye mji. Na mmoja alikuwa mtu wa kuja, tunamfukuza. Sijui nani aliamua, lakini mtu wa kuja alikuwa Zuhura kila siku. Alikimbia akicheka, sisi nyuma yake tunapiga kelele. Halafu jioni moja alizunguka ploti, akazunguka tena, akaishia mlangoni kwao kwa sababu hakuna pengine pa kukimbilia. Akasimama pale anahema, mgongo kwenye mlango, anatutazama. Hakuna aliyejua mchezo unaendeleaje kutoka hapo. Mwenye mkebe akaushusha. Hatukuucheza tena.

Wiki hiyo alama zikatokea. Tuliamka tukakuta milango imepigwa X nyekundu, kubwa, rangi bado imelowa na kuchuruzika hadi kizingitini. Hakuna aliyeona mpakaji. Hakuna mbwa aliyebweka, na mbwa wa Majengo walibwekea hata majani ya mgomba. Mlango wa bucha ulikuwa na X. Mlango wa akina Zuhura ulikuwa na X. Wetu, uliopakana na wao, ulikuwa safi.

Baba alisema, "Afadhali."

Mama alisimama nje kwa muda mrefu akiutazama mlango wetu. "Mwalimu," akasema, "hawa walijua mlango upi ni wetu. Walifika hapa, wakasimama hapa tulipolala, wakaturuka. Nani aliwaambia?"

Tangu siku hiyo mama alikuwa akisalimiana na watu huku akiwachunguza macho.

Nilichoogopa mimi ni ule ukimya. Wateja waliacha kuja buchani, na hakuna aliyetangaza kwamba wasije. Wanawake walionunua nyama pale tangu wakiwa wasichana walipita upande wa pili wa barabara wameinamisha vichwa, vikapu vimekumbatiwa kifuani. Nyama ilining'inia mpaka ikabadilika rangi. Mzee Ramadhani alinoa visu vyake vyote, akavipanga, akakaa. Shoka halikulia tena asubuhi, na nikaanza kuchelewa shule.

Ndipo Mama Zuhura akapita nyumba kwa nyumba. Alikuwa mnene, mchangamfu, muuzaji wa mahamri, na sikuwahi kumwona ametulia. Siku hiyo alisimama mlangoni kwetu akaongea kwa sauti ya chini. "Mama Rwamba, kesho tingatinga inakuja. Sisi tutakwenda kukaa mbele ya ofisi za mji, pale itakapopita. Hatutaimba, hatutabeba kitu, hatutasema kitu. Wakitaka kusema tumetukana, wakose tusi la kutusingizia. Wewe usije, mume wako ni mtu wa serikali. Nimekuja kukuambia tu usiogope ukituona."

Baba alimkataza mama. Kesho yake mama alinivisha sweta, akajitanda khanga kichwani, akanishika mkono tukaondoka. Baba alisimama mlangoni akasema, "Wakinifuta kazi tutakula nini?" Mama akajibu, "Nitarudi tuulizane hilo," na tukaendelea kutembea.

Ukungu wa siku hiyo sijauona tena. Tulipofika hatukuona mtu. Mama akasogea mbele, nikakanyaga pindo la buibui la mtu, na ndipo nikatambua barabara yote imejaa wanawake waliokaa chini. Wamekaa bega kwa bega, watoto mapajani, hakuna anayenong'ona. Hata watoto wachanga hawakulia. Nilimtafuta Zuhura nikamkuta kando ya mama yake. Nilipotaka kumsemesha aliweka kidole mdomoni, akanifungulia nafasi.

Tukaisikia tingatinga kabla ya kuiona. Nyuma yake vijana walioletwa na lori wanaimba. Wimbo ulikaribia, ukakaribia, halafu waliotangulia wakatuona wakaacha kuimba. Wa nyuma waliendelea kidogo, nao wakaacha. Tingatinga ikasimama karibu sana na mstari wa mbele, koleo lake juu yetu, linatiririsha maji ya ukungu. Mwendeshaji alitutazama. Kisha akazima injini, akateremka, akaenda zake kwa miguu, hakugeuka hata alipoitwa.

Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko mngurumo.

Diwani alitoka ofisini na kipaza sauti. "Akina mama, semeni mnachotaka."

Hakuna aliyesema.

"Kiongozi wenu ni nani? Aje tuzungumze kwa amani."

Sauti yake iligonga kuta za maduka ya ng'ambo ikamrudia, kwa amani, kwa amani. Alijaribu utani, hakuna aliyecheka. Alijaribu kutisha, hakuna aliyeinuka. Nilimwona akigeuka nyuma mara kwa mara kana kwamba kuna mtu mwingine anayesema. Mwisho aliweka kipaza sauti chini, akaja, akachuchumaa mbele ya Mama Zuhura. Alikuwa mteja wake wa mahamri tangu akiwa kijana wa sekondari.

"Mama Zuhura," akasema taratibu, "wewe ni mtu mzima. Waambie hawa waende nyumbani."

Mama Zuhura akamtazama. "Nyumbani wapi?"

Hayo ndiyo maneno pekee waliyoyasema akina mama siku hiyo. Diwani akainuka, akarudi ndani, na pazia la dirisha lake likavutwa. Saa sita ukungu ulipoondoka tingatinga ilikuwa imesimama pale pale kama mnyama aliyekufa, na vijana wa lori wametawanyika. Tukanyanyuka tukaenda zetu. Hakuna aliyeshangilia.

Majengo haikubomolewa. Baba hakufutwa kazi. Ukiangalia hivyo, tulishinda.

Lakini wateja hawakurudi buchani. Alama kwenye milango zilisuguliwa kwa mafuta ya taa zikabaki rangi ya waridi, zinaonekana zaidi mvua ikinyesha. Familia moja ikasema inakwenda kusalimia ndugu, haikurudi. Nyingine ikasema inampeleka mgonjwa. Hakuna aliyefukuzwa, ungeuliza yeyote angekuambia hivyo. Siku ya akina Zuhura ilipofika, yeye aliniambia, "Tunaenda Isiolo kutembea." Nilipochungulia ndani, vilikuwa vimebaki vitanda vitupu tu, na jogoo ameachwa uani. Sikuuliza. Nilimpungia mkono kama mtu anayekwenda kutembea.

Baada ya hapo watu wa ploti walianza kusikia shoka. Alfajiri, kwenye bucha iliyofungwa, likipasua kitu juu ya gogo. Baba alisema ni bati limelegea. Alipanda na nyundo akapigilia misumari kila mahali, akateremka amejaa kutu. Kesho yake tukalisikia tena sote, tumekaa mezani, vijiko mikononi. Mama alisema, "Mwalimu, kunywa uji." Mwezi ule ule baba akaomba uhamisho turudi Embu.

Siku hizi nimerudi Meru, naishi Nchiru, karibu na chuo kikuu. Nina kibanda cha chai na chapati, na vyumba vichache nawapangishia wanafunzi. Mwaka huu habari zikaanza tena. Mwanasiasa mmoja wa mjini, soko jingine la kisasa, na neno lile lile. Safari hii hakuna gari. Marigu, msichana wa Gachoka kule Embu anayepanga kwangu, alinionyesha kwenye simu yake akiwa anatafuna chapati. "Mathe, cheki huyu jamaa anasema watu wa kuja watoke. Kesho tunaingia barabarani. Kuja basi, ni form." Mathe kwao ni mama, na form ni mpango wa maana.

Nikamwuliza yeye na wenzake watasema nini huko. Wakanisomea kauli zao, nyingine zina mizaha mpaka nikacheka. Wakaniuliza sisi zamani tulisema nini. Nikawaambia hatukusema kitu.

"Hakuna kitu?" Marigu akashangaa. "Sasa mngetrend aje?"

Nilikwenda nao. Watoto hawa ni jasiri, lakini hawajui kukaa. Kila mmoja anajipiga picha, anacheza, anapuliza firimbi, anauliza kama chaji imebaki. Miguu ilipochoka nikaketi chini barabarani, nao wakanizunguka wakanirekodi, wakasema mathe ameua, ndiyo sifa yao kubwa. Ndipo mtu mmoja wa makamo, amevaa vizuri, akainama kutoka roshani ya ghorofa ya kwanza, akamnyooshea Marigu kidole. "Wewe! Rudi kwenu!"

Marigu aliteremsha simu. Akageuka akaangalia nyuma yake, halafu akaniangalia mimi. Firimbi zilikuwa zinalia kote lakini pale tulipokuwa palinyamaza. "Mathe," akasema, "ananiambia mimi?"

Nilimvuta akaketi. Tulikaa hapo mpaka wenzake wakachoka kupiga kelele, wakaketi mmoja mmoja.

Video ile ilisambaa. Siku chache baadaye simu yangu ikalia, namba nisiyoijua, sauti nzito ya mwanamke. Akaniambia kwa Kimeru safi, "Rwamba, bado unakaa umekunja miguu vibaya kama zamani." Binti yake ndiye aliyeiona video, yeye akanitambua. Anauza nguo Isiolo, ana wajukuu. Mzee Ramadhani na Mama Zuhura wote wamezikwa huko. Tulicheka, tukalia kidogo, akanisahihisha Kimeru changu mara mbili. Nikamwambia njoo Meru, Zuhura, njoo unitembelee, nitakupikia mukimo.

Nikasikia akivuta kiti, akakaa.

"Nije kama nani?" akauliza.

Hakuwa ananitania. Alitaka kujua. Nilitafuta jibu mpaka salio lake likaisha, na nilipompigia nikaendelea kulitafuta, tukaishia kuulizana habari za magoti na shinikizo la damu.

Enzi zetu mtoto alisukuma mlango wa jirani akaingia, akakuta sahani, akala. Hakuna aliyemwuliza amekuja kama nani, naye hakujua kwamba swali kama hilo lipo. Vijana wangu hapa wana kufuli za alama ya kidole, na kabla ya kutembeleana wanatumiana ujumbe. Nawacheka. Lakini asubuhi, ukungu ukiteremka hadi kwenye madirisha ya hosteli, na barabara yote ya Nchiru ikawa nyeupe, nasikia viatu vya mtu vikikaribia kibanda changu, na badala ya kumwekea kikombe kama mama angefanya, nasimama nikingoja kwanza nione ni uso wa nani.