Sweta Juu ya Skrini

Mwanaprogramu wetu hufunika skrini kwa sweta, hufungia kipanya drooni, kisha hufanya kazi kwa vidole na masikio tu. Kiunzi chetu cha JavaScript, ambacho wengine hujengea tovuti, lazima kimfae hata asiyeona. Sauti ya kompyuta inayomsomea yaliyo kwenye skrini ikisema "kitufe" bila jina, huifokea: "Kitufe cha nini, mama wee?" Jana alimkalisha mjomba wake, asiyeona, mbele ya ukurasa ambao juzi ulimnasa kwenye dirisha dogo lisilofungika kwa kibodi. Mzee akabonyeza, akabonyeza. Tukabana pumzi. "Kitufe, funga dirisha," sauti ikatamka. Akatoka! Mpwa akazunguka na kiti kama pia, vigelegele juu.

"Hongera, mwanangu," mjomba akasema. "Sasa hicho kiti nacho kitie mafuta, kinalia kukushinda wewe."