Leba ya Kufunga Supachaja ya Bwana Mbio

Nyinyi watu wa magari mnanichosha. Kila nikiandika kitu kuhusu gereji mnajaa kwa komenti na swali moja tu: leba ni ngapi? Supachaja yenyewe mnanunua bila kulia. Mnalipia meli, mnalipia ushuru, mnaipiga picha ikiwa bado kwa boksi. Halafu fundi akitaja bei ya mikono yake mnasema huyo ni mwizi, apunguze. Hamjiulizi ni nini ameacha mahali ndiyo awe hapo amelala chini ya gari yako na mafuta yanamdondokea machoni. Leo sina bei ya kuwapa. Niko na stori ya msee mmoja, na mtaisoma mpaka mwisho.

Kepher Oyoo alikuwa fundi wa injini kwa kiwanda cha chai upande wa Kericho, miaka ile ya thelathini, wakati mashamba mengine ya chai yalikuwa bado mapya na miti haijafika hata kiuno. Kwao ni Asembo, huko ziwani, mbele ya Kisumu. Kazi alijifunzia karakana ya reli Kisumu, chini ya fundi mmoja Kalasinga mwenye kilemba ambaye alimfanya aoshe vyuma miaka mingi kabla ya kumwachia spana.

Kwa sababu alikuwa fundi, hakupewa nyumba huko laini, zile safu za nyumba za wachumaji. Alipewa chumba nyuma ya nyumba ya injini, ili mashine ikikohoa awe karibu. Watu walimwonea wivu kwa hicho chumba. Kilikuwa na mabati na kilikuwa na joto. Lakini jioni, watu wa laini wakipika pamoja na kucheka, yeye alikuwa anakoroga uji wake peke yake huku ukuta ukitetemeka. Wenyeji walizungumza Kikipsigis, wale waliotoka Kisii walizungumza Kikisii, na Wajaluo kwa hicho kiwanda walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Kuna wiki zilipita bila yeye kusema neno moja la lugha ya mama yake, isipokuwa Jumapili kwa maombi, na hata hapo aliimba kwa sauti ya chini kwa sababu alikuwa peke yake kwa huo wimbo.

Aliyeongea naye sana ni Nyakundi, Mkisii wa kutia kuni kwa tanuru, mtu wa mdomo mrefu, aliyemwita shemeji kwa utani tu.

Sasa, kitu kilichokuwa kinamsumbua Kepher mwaka huo ni mvua. Si mvua ya Kericho. Mvua ya Kericho inanyesha kila alasiri kama mtu ameajiriwa, haikuambii chochote. Yeye alikuwa anangoja mvua ya kwao, ile ya kupanda, na njia pekee ya kujua imefika wapi ilikuwa kumuuliza Adoyo, mama aliyekuwa analeta samaki kavu kutoka ziwani mpaka soko la Kericho. Kila Adoyo akipanga samaki zake chini, Kepher amefika. Anauliza mawingu kabla ya kuuliza bei.

Wacha niwaeleze, kwa sababu wengi wenu hamjui. Kwao Kepher mbegu hazikuwa zinatolewa ovyo. Kwanza wanapanda wazee, baba na mama. Halafu mtoto wa kwanza na bibi yake. Halafu anayefuata, na anayefuata. Na bibi hawezi kuingiza mbegu kwa udongo kama bwana yake hajalala nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo, ndani ya nyumba yao, si nyumba ingine. Kepher ndiye alikuwa wa kwanza. Bibi yake Akeyo alikuwa anamngoja yeye, na mdogo wake Okoth pamoja na bibi yake walikuwa wanamngoja Akeyo. Kama Okoth angepanda mbele, hiyo ingemaanisha Kepher amerukwa. Na mtu aliyerukwa ni kama amezikwa, isipokuwa yeye bado anakula. Kepher alikuwa amebatizwa, na mwalimu wa kanisa alishamwambia hayo mambo aachane nayo. Yeye angeachana nayo. Lakini baba yake hakuwa amebatizwa, na shamba lilikuwa la baba yake.

Mwaka uliopita alifika siku ya mwisho kabisa. Mwaka huu hakuwa na ruhusa, na ruhusa ilikuwa ngumu kuliko pesa. Ukitoka kazini bila mzungu kukuandikia, kipande chako, kile kitambulisho cha kuvaa shingoni, kinakusaliti kwa askari wa kwanza unayekutana naye barabarani, na badala ya Asembo unajikuta korokoroni.

Hapo ndipo gari iliingia.

Kulikuwa na mzungu kijana, msaidizi wa meneja, ambaye wafanyakazi walimpa jina Bwana Mbio. Alikuwa na gari ndogo ya michezo, viti viwili, haina paa, kila mara ina matope mpaka kwa masikio yake. Shida yake ilikuwa kupanda milima. Kericho iko juu, hewa ni nyembamba, na injini inakosa pumzi kama mzee. Kwa hivyo aliagiza supachaja kutoka Uingereza, kifaa cha kusukumia injini hewa kwa nguvu, ikaja kwa reli mpaka Londiani, lori ikaileta. Alitaka iwe imefungwa kabla ya mashindano ya Pasaka kule Nakuru. Lakini gereji ya Kisumu ilipomtajia leba, alirudi akiwa mwekundu kuliko kawaida yake.

Akaja kwa Kepher na lile boksi. Kepher akafungua, akazungusha kifaa kwa mkono, akaelewa. Ilikuwa ni feni. Kiwandani walikuwa na feni kubwa ya kupitisha hewa kwa majani mpaka yanyauke, na yeye ndiye alikuwa anaitunza. Hii ilikuwa ndogo na yenye hasira zaidi, lakini ilikuwa feni, na ilizungushwa na mkanda kutoka kwa injini kama ile ingine.

"Mimi naweza, Bwana," akasema.

"Wewe nataka nini kwa kazi hii?"

Hilo swali hakuwahi kuulizwa tangu atoke tumboni. Akatazama chini. "Ruhusa, Bwana. Nifike nyumbani kabla ya mvua."

"Mvua iko hapa kila siku."

"Mvua ya kwetu, Bwana."

Bwana Mbio akacheka, akampa mkono. Ilikuwa bei rahisi sana.

Nyakundi aliposikia karibu aangushe kuni. "Shemeji, mtu amekufungulia mdomo useme bei, na wewe unaitisha barabara? Si ungeitisha baiskeli, upande hiyo baiskeli uende kwenu ukitaka, na urudi ukitaka?"

"Baiskeli haina sahihi ya mzungu," Kepher akamwambia.

Nyakundi akapanga kuni zake begani, akarudi kwa tanuru yake.

Kepher alifanya kazi kila alasiri akimaliza ya kiwanda. Alitoa kabureta, akatengeneza bati la kushikilia kifaa, akapindisha bomba za hewa kwa moto wa Nyakundi mpaka zikakaa sawa. Hakuna aliyemharakisha. Alikuwa anajiharakisha mwenyewe, kwa sababu Adoyo alikuwa ameanza kusema mawingu yanakaa upande wa ziwa na hayaendi. Nyakundi alisema baadaye ni siku hizo tu alimsikia Kepher akipiga mluzi.

Halafu akafika kwa mkanda, na hapo ndipo alikosea. Na ni kosa ambalo mtu wa gereji ya mjini hangeweza kulifanya. Lilitaka mtu wa chai.

Kiwanda cha chai kina unyevu. Majani yanatoa jasho, mvuke unapanda, na mikanda ya ngozi inayozungusha mashine inalegea kila saa. Kwa hivyo fundi wa chai anavuta mkanda wake mpaka uwe mgumu kupita kiasi, anaupiga na kidole, ukilia kama uzi wa nyatiti, kile kinanda cha Wajaluo, anajua ni sawa, kwa sababu kufika saa sita utakuwa umelegea wenyewe. Kepher alikuwa amefanya hivyo miaka mingi. Akauvuta mkanda wa supachaja vivyo hivyo. Akaupiga, ukalia vizuri. Akaridhika.

Mkanda wa gari haukai kwa mvuke. Haukulegea. Bwana Mbio aliondoka akiwa na furaha, watu wote wametoka kuangalia, gari inapiga kelele kama nguruwe, ikapanda kilima kwa spidi ambayo hakuna mtu alikuwa ameona. Ilirudi ikivutwa na ng'ombe. Ule mkanda ulikuwa umevuta shafti ya ile feni upande mmoja mpaka beringi inayoishikilia ikaungua, ikawa buluu.

Kepher alifungua akaona mara moja. Hakujitetea. Akamwambia Bwana kosa ni lake na akamwonyesha ni wapi. Beringi kama hiyo haikuwa Kisumu wala Nakuru. Ilibidi itafutwe Nairobi, na kama Nairobi haiko, Mombasa. Basi kukawa hakuna kazi, ni kungoja tu. Akaomba aende nyumbani sasa, akirudi beringi itakuwa imefika.

Bwana Mbio hakukasirika. Hicho ndicho kitu kibaya, hakukasirika hata kidogo. "Kazi nakwisha?"

"Bado, Bwana."

"Basi na ruhusa bado."

Wiki hiyo Adoyo alikuja na samaki chache na miguu yenye udongo mweusi wa kwao. Kepher akaona ule udongo, akajua kabla ya kuuliza mawingu. Adoyo akamwambia tu kwamba mvua imeshuka na watu wameshika majembe, sasa nyumbani wapelekewe neno gani?

Angeweza kusema ukweli. Ukweli ulikuwa kwamba hajui. Lakini kusema hajui ilikuwa ni kumwambia Okoth aende mbele, na hiyo sentensi ilikataa kutoka.

"Waambie niko njiani," akasema.

"Niwaambie siku gani?"

"Waambie tu hivyo, mama."

Beringi ilichelewa, na Adoyo naye hakuonekana tena sokoni, alikuwa kwa shamba lake. Pasaka ikapita, mashindano yakapita, Bwana Mbio akaenda kuyatazama kwa gari ya mwenzake. Kepher akawa anatoka asubuhi kabla ya injini kuwashwa, anasimama pale juu ambapo siku ya jua unaona bonde likishuka kuelekea ziwa, na hakukuwa na jua. Jioni alikuwa anarudi chumbani anapiga hesabu ya kichwa: leo baba amepanda. Leo wamekaa. Leo Okoth amechoka, ameinuka, amechukua jembe. Alimwona Okoth akiinua jembe mara nyingi mpaka akaanza kumchukia, na Okoth alikuwa mdogo wake aliyempenda sana. Nyakundi alimletea ndizi za kwao akakaa naye, akajaribu kumchekesha. Haikufaa, wakala ndizi tu.

Mwishowe beringi ikafika. Kepher akaifunga, akaacha mkanda ukiwa umelegea kidogo jinsi unavyotakiwa, na gari ikapanda kilima na kurudi na miguu yake yenyewe. Bwana Mbio alikuwa mtu wa neno lake, lazima niseme hivyo. Aliandika ruhusa hapo hapo juu ya boneti, akamwongezea na blanketi mpya.

Kepher alipanda lori mpaka Kisumu, akatembea kutoka hapo. Kuingia Asembo aliona mtama wa watu umefika magotini, kijani kila upande. Akajiandaa. Alijua atakachokuta: shamba la baba kijani, la Okoth kijani, na katikati kipande cha Akeyo cheusi kama jino lililong'oka. Alikuwa amekiona kwa kichwa siku nyingi sana, hata alikuwa amepanga uso wa kuwa nao.

Akapinda kona. Kila kitu kilikuwa cheusi, isipokuwa kipande cha wazee. Cha Akeyo, cheusi. Cha Okoth, cheusi. Boma zima lilikuwa limekaa na majembe yamesimamishwa ukutani, majirani wakipalilia mara ya pili.

Baba yake, mzee Oyoo, alikuwa amekaa mlangoni. "Ulisema uko njiani," akamwambia. "Mtu aliye njiani anarukwaje?"

Okoth alikuja akamsalimia kwa mikono miwili, akambebea blanketi. Halafu akasema, kwa upole, bila kumwangalia, "Mbegu zimepungua kidogo, kaka. Watoto walikuwa wanalia njaa."

Akeyo aliingia nyumba yao. Alimtandikia.

Asubuhi walipanda, kila mtu kwa zamu yake, vizuri kabisa. Mvua ilikaa siku chache tu, ikaondoka. Mtama ulifika kwa kifundo cha mguu ukasimama hapo. Kepher alikuwa amesharudi Kericho, ruhusa ilikuwa fupi, na ni Adoyo aliyemwambia sokoni kwamba nyumba ya Okoth sasa inakula kwa watu. Mshahara wake wote ulienda kwa unga mwaka huo na uliofuata, na Bwana Mbio aliuza ile gari kwa mtu wa Londiani.

Zamani, kwa kile chumba, Kepher alikuwa anafikiri huko nyumbani wamemsahau. Huo ni upweke, lakini mtu anauzoea, analala nao. Sasa alijua kwamba wakati yeye anangoja beringi, watu wazima na watoto walikuwa wamekaa mbele ya udongo uliolowa wakitazama barabara, kwa ajili yake. Nyakundi alikuwa anasema baada ya hapo hakuweza kukaa ndani. Akimaliza kazi alikuwa anatembea katikati ya michai mpaka mvua imfukuze.

Basi wewe unayesoma hii ukiwa kazi mbali na kwenu, nakuomba kitu kimoja. Piga simu leo uwaambie siku utakayofika. Kama hujui, sema hujui, halafu uwaambie wapande.