Kisomo Ambacho Maalim Jafar Hakukisoma

Maalim Jafar wa Kasubi, mtaa wa Kampala, aliyefundisha madrasa na kuuza kofia, alikuwa mwoga, na mwenyewe hakukataa. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa gari lililoegeshwa bila sababu. Lakini mtaa mzima ulimwogopa yeye, na hapo ndipo penye hadithi.

Babu yake alikuja Buganda kutoka Pangani na msafara wa wafanyabiashara, akaoa, akabaki. Akawaachia wajukuu vitu viwili: Kiswahili cha pwani, ambacho kila kizazi kilikichakaza kidogo, na kitabu cha halbadiri chenye jalada la ngozi ya mbuzi. Asiyeijua halbadiri na aambiwe: ni dua inayosomwa kwa majina ya mashujaa wa vita vya Badri, na watu huisomesha wanapoibiwa. Husemwa kwamba ikishasomwa, mwizi huvimba tumbo, au huanza kuokota makopo, au hufiwa na mtoto. Hayo ndiyo yanayosemwa. Jafar mwenyewe aliisoma mara kumi na moja, na hakuona mtu aliyevimba hata kidole. Vitu vilirudi, ndiyo, lakini vilirudi kabla ya kisomo, maana mwizi akisikia tu kwamba ubani umenunuliwa, usingizi humruka. Siri hiyo alimwambia mkewe Salme peke yake, naye Salme alicheka mpaka akashika ukuta.

Mwaka wa sabini na tatu, fundi cherehani wa nyumba ya tatu alichukuliwa na askari mchana kweupe, akatiwa ndani ya buti ya gari, asionekane tena. Tangu siku hiyo moyo wa Maalim ukawa unakwenda mbio bila kukimbizwa. Alikwenda zahanati, akapimwa huku na huku, na mganga akamwambia hana ugonjwa wowote ila Kampala.

Akarudi nyumbani akajitafutia dawa mwenyewe. Alitandika kipande cha mkeka mkuukuu barazani, mbele ya mlango, akatangaza kwamba viatu na habari vinaachwa nje ya mkeka huo. Anayetaka kusimulia nani kachukuliwa na nani kaokotwa ziwani, asimulie barabarani. Akikanyaga mkeka, asalimie, anywe maji, aseme shida yake aende. Kila alfajiri alikaa hapo na tasbihi, akavuta punje moja kwa pumzi moja, na wazo la askari likipenya katikati, alianza upya. Siku nyingine alianza upya mpaka chai ikapoa. Tena akajiwekea sharti kwamba hajibu swali zito kabla hajatawadha. Majirani wakapata la kusema: ukitaka kumwuliza Maalim bei ya kofia, nenda na birika.

Wacheke, lakini moyo ulitulia, na Maalim akaringa kidogo. Aliamini kuwa ni mkeka uliomtuliza. Ukweli ni kwamba mkeka ulifanya nusu ya kazi, nusu nyingine ilifanywa na kitabu. Hata askari waliokunywa waragi pale njia panda walinyamaza alipopita, kwa sababu hakuna aliyetaka kusomewa. Ua lililoizunguka amani yake lilijengwa kwa hofu za watu wengine, naye miaka yote hiyo hakuwa amelitazama vizuri.

Mwezi wa tatu wa mwaka wa sabini na tano, Sajini Khemis alipotelewa na redio ya kaseti. Sajini huyu aliishi kwenye nyumba ya matofali juu ya kilima, nyumba ya Mhindi aliyefukuzwa pamoja na wenzake mwaka wa sabini na mbili. Redio nayo aliikuta humohumo. Watu watatu waliingia na kutoka katika nyumba ile: mpishi, dereva, na dobi wake Kahambu, mjane Mkongomani kutoka Butembo, aliyekuwa na mtoto mmoja wa miaka mitano, Emile. Kahambu hakuwa Mwislamu na halbadiri aliisikia kwa majirani tu, lakini ilimtosha. Kila alipofika mbele ya nyumba ya Maalim alivuka barabara, akapita upande wa pili.

Jumanne Sajini alifika barazani. Aliingia kila nyumba na buti zake, lakini hapa alisimama kwenye ukingo wa mkeka.

"Maalim, redio yangu imepotea," alisema. "Ijumaa wewe nasoma ile kitabu. Mwenye aliiba, tumbo yake ipasuke. Kama haipasuki, mimi nitapasua."

"Afande, subiri kidogo nitawadhe," Maalim alisema.

Sajini hakuwa na subira ya maji. Aliweka chini pakiti ya ubani na nusu kilo ya sukari, ambayo mwaka ule haikuwa kitu cha mchezo, akaondoka. Alipotoka chooni na birika lake, Maalim alikuta baraza tupu na mtaa umeshaambiwa kwamba amekubali.

Mtaa nao ukafanya kama unavyofanya siku zote. Jumatano asubuhi baraza lilikuwa kama gulio. Palikuwa na jembe, karai, sinia la shaba, shati la mikono mirefu, kuku wawili waliofungwa miguu, na Biblia ya mtu wa Nakulabye. Kila aliyewahi kuazima akasahau kurudisha alirudisha usiku huo. Salme alipitapita katikati ya vitu akicheka peke yake. Redio tu ndiyo haikuwamo.

Alhamisi Emile akashikwa na homa. Kwenye bomba la maji wanawake walitazamana. "Imemshika," mmoja alisema. "Hata haijasomwa, imeshamshika." Habari ikipita midomo kumi, inakuwa kweli, na mpaka saa tano dereva na mpishi walikuwa wanapumua vizuri, kwa sababu mwizi ameshajulikana.

Adhuhuri Kahambu alivuka barabara. Alikuwa na mtoto mgongoni, na khanga imelowa jasho la homa yake. Alipiga magoti nje ya mkeka.

"Baba Maalim, ni mimi njo niliiba," alisema. "Usisome."

Maalim aliweka tasbihi chini. "Umeipeleka wapi redio?"

"Sijue."

"Umemwuzia nani?"

"Sijue, baba. Useme wewe pahali niliipeleka, nami nitaitika. Wanipeleke. Ila mtoto asikufe."

Maalim alinyoosha mkono akamgusa mtoto kwenye paji la uso. Homa ilikuwa ya malaria, ile anayoijua kila mtu aliyezaliwa bondeni mwa Nakulabye na Kasubi, homa ambayo yeye mwenyewe alikuwa nayo wiki mbili nyuma. Akaona aibu. Haikuwa aibu ndogo. Mwanamke ambaye hajaiba kitu alikuwa tayari kwenda kule kusikorudiwa, na hakumwogopa Sajini hata chembe. Alikuwa anamwogopa yeye, Jafar, anayekimbia mbwa.

Alimwita Salme, akamwambia alete vidonge vya klorokwini vilivyobaki.

"Mpe mtoto hivi, mama Emile, na maji mengi," alimwambia Kahambu. "Nenda nyumbani. Usikiri chochote kwa mtu yeyote mpaka kesho jioni."

"Utasoma?"

Kwa desturi yake angekwenda kutawadha kwanza. Safari hii alijibu palepale. "Sisomi."

Kahambu hakuamini, ilionekana usoni. Alichukua vidonge akaenda.

Jioni Salme alikuwa na shauri lake, na kwa kweli lilikuwa shauri zuri. "Baba Safinah," alisema, "Sajini naye mwambie kisomo hakichagui cheo. Mwambie kinaanza na mwizi wa kwanza. Redio ile ilikuwa ya nani kabla ya kuwa yake? Utaona atakavyochukua sukari yake akimbie."

Maalim alitafuna hilo muda mrefu. Lingefanya kazi, alilijua. Khemis angetoka jasho jembamba, na kitabu kingeogopwa maradufu, hadi kambini. Tena yeye Jafar angelala salama salimini mpaka mwisho wa utawala ule wa kijeshi. Lakini kila alipolikaribia shauri lile alimwona yule mwanamke amepiga magoti nje ya mkeka.

"Fimbo ni ileile, mke wangu," alisema. "Nikimpiga nayo Sajini leo, kesho itamwangukia Kahambu mwingine."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitasema ukweli."

"Wakijua kitabu hakivimbishi mtu, nani atatuogopa? Na wasipotuogopa, nani atatulinda?"

Hilo lilikuwa swali zito kweli. Maalim akaenda kutawadha. Alirudi mikono inachuruzika maji, akageuka akaenda kutawadha tena.

Ijumaa baada ya alasiri watu walijaa barabarani. Wengine walikuja kuona mwizi akivimba, wengine walikuja ili wasidhaniwe ndio wao. Kahambu alisimama nyuma kabisa na mtoto wake. Sajini alifika na askari wawili, akasimama ukingoni mwa mkeka, mikono kiunoni.

Maalim aliomba birika. Akatawadha mbele ya watu wote, taratibu, kiungo kwa kiungo. Maji mengi yaliishia kwenye mkeka. Sajini alingoja kwa adabu, akidhani nayo ni sehemu ya kisomo. Alipomaliza, Maalim alikishika kitabu kifuani bila kukifungua, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba kuliko alivyotaka.

"Sisomi," alisema. "Leo sisomi, na sitamsomea mtu tena. Nimeisoma hii mara kumi na moja na sijaona aliyevimba. Haya ni majina ya watu wema, si rungu la kupigia majirani. Mtoto wa Kahambu ana malaria. Nusu ya mtaa huu ina malaria. Hiyo si alama ya wizi."

Wale kuku wawili, waliokuwa bado wamefungwa miguu, walipiga mbawa barazani.

"Kama hii kitabu haijui mwizi," Sajini alisema polepole, "sasa nani anajua?"

"Sijui, afande. Na kitabu hakijui."

"Wewe nachezea mimi?"

"Sikuchezei." Maalim aliinua mkono wake wa kulia, akaunyoosha mbele, wazi. Ulikuwa unatikisika mbele ya watu wote wa Kasubi. "Tazama. Natetemeka tangu jana. Nimeiba redio yako? Sikuiba. Nakuogopa tu. Na hawa wote wanaotetemeka hapa, ni hivyohivyo."

Sajini aliutazama ule mkono. Aliutazama kwa muda, kama mtu anayesoma barua. Kisha akakanyaga mkeka na buti zake, akampiga Maalim kofi moja ambalo lilipeleka kofia hadi barabarani. Halafu akaanza kucheka.

"Mwoga!" alisema. "Miaka yote hii mimi naogopa mwoga!"

"Ndiyo, afande," Maalim alijibu kutoka chini.

Sajini alicheka mpaka askari wake wakacheka. Aliinama akachukua sukari yake, ubani akauacha, akapanda kilima akiwa bado anacheka na kutikisa kichwa. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Jioni ile hakuna nyumba ya Kasubi iliyoweka matanga.

Sitasema kwamba mambo yalikwisha vizuri. Kwa wiki tatu Maalim alisikiliza kila gari lililopunguza mwendo. Gari halikuja, na mwezi wa sita Sajini alihamishiwa Mbarara bila redio yake, ambayo mpaka leo hakuna ajuaye ilikokwenda. Lakini ua lile la hofu lilikuwa limebomoka. Wazazi wawili waliwatoa watoto kwenye madrasa yake, wakisema mwalimu asiye na kisomo ni mwalimu gani. Askari wa njia panda hawakunyamaza tena akipita, na mmoja wao alimnyang'anya baiskeli hivihivi, mchana. Wenye jembe na karai walikuja kuchukua vyao kwa sauti kubwa, na kuhusu kuku walipigana. Maalim aliendelea kutandika mkeka na kuvuta tasbihi, na kuanza upya mara nyingi kuliko zamani.

Lakini ninachotaka kikumbukwe ni asubuhi ya Jumamosi, siku ya pili ya kofi. Shavu la Maalim lilikuwa limefura, na Salme alikuwa ameshasema kwamba hatimaye halbadiri imepata wa kumvimbisha. Alikuwa amekaa barazani na tasbihi, punje moja pumzi moja, amefika karibu katikati. Kahambu alitokea chini ya barabara na beseni la nguo kichwani, Emile akitembea mwenyewe kwa miguu yake, ameshika gauni la mama.

Maalim alingoja avuke upande wa pili, kama kawaida yake.

Hakuvuka. Alikuja moja kwa moja, akatua beseni, akavua ndala zake na za mtoto akazipanga nje ya mkeka. Kisha akaketi, akaegemeza mgongo kwenye ukuta wa nyumba ile, akafumba macho kupumzika. Katika miaka yote, hakuna jirani aliyewahi kuuegemea ukuta huo.

Hesabu ya punje ilimpotea Maalim. Akasogea kidogo kuwapa nafasi, akaanza upya.